The Vampire Diaries: mnaiita hadithi ya ndugu wawili, mimi naiona hadithi ya kilio

Dada_Jacaranda, Lubumbashi

Wadau, jioni njema. Tahadhari kwanza: nitataja mambo tangu msimu wa kwanza hadi epizodi ya 171, ya mwisho kabisa. Aliye katikati ya njia afunge uzi huu, arudi akifika.

Popote inapotajwa The Vampire Diaries, ile tamthilia ya Marekani ya wanyonya damu, swali ni moja: wewe ni wa Stefan au wa Damon, wale ndugu wawili wanaompenda msichana mmoja? Nimelisikia ndani ya basi la kwenda Kasapa, nimelisikia saluni, nimelisikia harusini kwenye meza ya mabinti. Na mimi nilikuwa na upande wangu, na niliutetea kwa kelele. Lakini tangu mwezi wa saba nimeirudia yote, usiku umeme ukiwepo, na safari hii nimeona jambo lililonikaa kifuani. Naomba niliseme kwa urefu, mnivumilie.

Nilianza kuiangalia nikiwa na miaka 17, mwaka wa Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari. Baba alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Kilio kilikuwa kimekwisha, mikeka imekunjwa, mashangazi wamerudi Likasi na Kolwezi, na nyumba imebaki na ule ukimya ambao kila aliyefiwa anaujua. Shuleni watu waliniuliza, "Uko muzuri?" Nikajibu, "Niko muzuri." Mara kumi kwa siku. Siku moja rafiki yangu wa Kampemba akaniita kwao, ana flashi yenye msimu wa kwanza kwa Kifaransa. Dakika za mwanzo tu, msichana anaandika katika daftari lake: leo atatabasamu, watu watamwamini, na tabasamu litawajibu kwamba hajambo, asante. Nilimwomba rafiki asimamishe. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba chini ya mwembe, nikalia machozi ambayo makaburini hayakutoka. Kisha nikarudi nikamwambia, endelea.

Sasa tazameni hadithi yenyewe. Elena Gilbert amefiwa na baba na mama kwa ajali moja, gari limetumbukia majini kwenye daraja la Wickery. Yeye ndiye aliyewapigia simu waje kumchukua kwenye sherehe. Yeye akaokolewa, wao hapana. Mdogo wake Jeremy amezama katika dawa za kulevya. Anayewalea ni mama mdogo, Jenna, ambaye mwenyewe bado anasoma na hajui aanzie wapi. Ndipo anatokea mvulana mgeni. Wanagongana mlangoni shuleni, lakini maneno yao ya kwanza ya maana wanayasemea makaburini.

Na huyo Stefan ni nani? Mvulana aliyekufa mwaka 1864 akiwa na miaka 17, na hadi leo anaandika daftari. Kaka yake Damon amerudi Mystic Falls, mji wao, kwa ajili ya mwanamke anayeamini amefungiwa kaburini tangu mwaka huohuo. Miaka 145 ya kungoja! Kaburi linafunguliwa, Katherine hayumo. Hawa wote ni watu ambao hawakumaliza kilio chao. Mnyonya damu katika hadithi hii ni mfu aliyekataa kuzikwa, na anayempenda ni msichana aliyetoka kuzika juzi. Sura nzuri zipo, sikatai, lakini mapenzi haya yameanzia msibani.

Swali langu: katika misimu minane, nani hasa alikua? Nani alitoka utotoni akafika utu uzima? Nina jibu langu na si Elena. Nawasikiliza kwanza.

Mwana_Kenya, Lubumbashi

Dada, pole ya baba, hata kama miaka imepita.

Ila usituondolee mapenzi, nakuomba. Nikuletee epizodi moja tu, ya mwisho ya msimu wa tatu. Gari la Matt, rafiki yake Elena, linatumbukia kwenye daraja lilelile la Wickery, na Elena yumo. Stefan anapiga mbizi, anafika dirishani kwake, na Elena anamwonyesha kwa kichwa: mtoe Matt kwanza. Stefan anatii. Akirudi chini, Elena amekwisha kufa, na kwa kuwa damu ya Damon ilikuwa mwilini mwake bila yeye kujua, anaamka akiwa kitu kingine.

Damon angemtii? Kamwe. Angemvuta Elena kwa nguvu na Matt angebaki majini. Nikiwa na miaka 19 nilisema huyo ndiye anayependa, anayekuokoa hata ukikataa. Leo nina mke na mtoto na sina uhakika tena. Mke wangu aliniuliza tukiwa tunakula bukari: wewe ungefanya nini? Tonge likakwama. Kwa hiyo swali la "Stefan au Damon" si la kitoto kama mnavyodhani. Unaulizwa kama unaweza kumpenda mtu na bado ukamwachia uamuzi wake.

Petit_Ruashi

Yaya, miye ile epizodi ya daraja niliangaliaka kwa yaya wangu ku Ruashi, tulikuwa batu kumi na mbili mbele ya televizyo moya. Umeme ikakatika paka pale Stefan anaingia mu mayi. Tulingojaka siku mbili kujua kama Elena alikufa. Siku mbili! Hakuna mutu alilala muzuri.

Dada_Jacaranda, Lubumbashi

@Mwana_Kenya umenigusa panapouma, na nakuongezea kitu. Katika epizodi hiyohiyo wanaturudisha kwenye ajali ya kwanza. Stefan anafika kwenye gari, baba yake Elena bado yu hai ndani ya maji, na baba anamfanyia ishara: mtoe binti kwanza. Ni ishara ileile! Elena hakuibuni, ameirithi. Nilipoona hivyo safari hii nilikaa kimya hadi majina ya waigizaji yalipokwisha kupita. Kama Elena alikua, basi alikua hapo, dakika alipokaa kwenye kiti cha baba yake. Na ndipo alipokufa.

MamaMapacha, Lubumbashi

Wanangu, salamu. Mimi ni mkubwa wenu. Nina mabinti mapacha wa miaka 15, na niliingia katika tamthilia hii kwa sababu yao, nijue wanaangalia nini hadi saa sita ya usiku. Nilikuja kama askari, nikabaki kama mtazamaji. Nimefika msimu wa tano. Mkinitajia ya mbele nimewasamehe, umri wangu hauogopi kuambiwa mwisho.

Lakini kuhusu Damon siwezi kunyamaza. Msimu wa kwanza anamchukua Caroline, rafiki yake Elena, mtoto wa shule, anamwingia akilini hata asiweze kukataa, anamnywa damu, anamfunika majeraha kwa skafu. Msimu wa pili haujapoa, Elena anamkataa, naye anamvunja shingo Jeremy mbele ya macho ya dada yake. Jeremy ana pete ya uchawi ya kumrudisha uhai, sawa. Shingo imevunjwa. Nikawauliza mabinti zangu, hii ni nini? Mmoja akanijibu: mama, ni kwa sababu anampenda sana.

Nilizima televisheni. Sikuwagombeza, niliwaeleza tu. Niliwaambia habari za jirani yetu wa zamani, mwanamume aliyekuwa anapiga mlango wa mkewe kwa mateke usiku na asubuhi anamletea kitenge kipya. Mtaa mzima ulisema ni wivu wa mapenzi. Mama yule alihama na watoto wake saa kumi alfajiri, na ni mimi niliyembebea sufuria mpaka barabarani.

Nikawasha tena, kwa sababu niliahidi. Nami nikaona kwamba walioandika hadithi walijua wanachokifanya. Caroline anauawa kwa mto usoni, amelala hospitali, Katherine ndiye muuaji. Anaamka akiwa mnyonya damu, na akili yake inafunguka: anakumbuka yote aliyofutwa. Damon anapokuja na maneno yake ya kuchekesha, Caroline anamsukuma hadi chini. Binti yule aliyesema "anampenda sana" akapiga makofi, peke yake, hajaambiwa na mtu.

Mwana_Kenya, Lubumbashi

Mama, nimepokea, na sitajibu haraka. Nakubali kwamba wengi wetu tulijifunza kwa Damon lugha ya kumwomba msamaha msichana bila kuacha kosa lenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwandikia msichana mmoja wa Kamalondo ujumbe mrefu wa namna hiyo, nikidhani ni ushairi.

Kaka_Kipushi

Mimi nipite upande wa mambo ya usiku, maana hapo ndipo tamthilia hii inapokutana na nyumba zetu.

Bibi yangu alikuwa akitutisha kwa batumbula, watu wa zamani za Wabelgiji waliosemekana kukamata wanaotembea usiku na kuwala. Huyo ni wa kuogopwa tu, hakuna anayempenda. Lakini sebuleni kwake kulikuwa na picha ya mamba muntu, mnaikumbuka? Nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, nyoka mkononi. Nyumba nyingi za Lubumbashi za miaka ya 1970 zilikuwa nayo ukutani. Habari yake ni ya mapenzi na mkataba. Anampa mwanamume utajiri, ila awe wake peke yake, na siri isitoke. Wazee walipomtazama mtu aliyetajirika ghafla walisema, ana mamba muntu. Bibi alisema bei yake ni kwamba huyo mwanamume hatapata nyumba ya kawaida: mke, watoto, uzee.

Angalieni sasa Elena akiwa na Stefan msimu wa pili, wamepanda juu ya mlima siku ileile ambayo usiku wake Klaus, adui wao mkubwa, atakuja kumuua. Damon amemlisha damu yake kwa nguvu, kwa hiyo akifa ataamka mnyonya damu. Elena analia, na kinachomliza si kifo. Anasema hakutaka kuwa hivyo, alitaka kukua, awe na chaguo la watoto, azeeke. Ni bei ileile aliyoitaja bibi, na hakuna aliyemwonyesha Elena mkataba asaini. Kwa hiyo hadithi ya kumpenda asiye binadamu si ya kigeni kwetu hata kidogo. Iko ukutani.

Na jambo la mlango! Mnyonya damu haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Kwetu mtu anabisha hodi, anangoja "karibu". Kuna epizodi ndugu hawa wawili wanamwandikia Elena nyumba yao, iwe mali yake kisheria, ili yeye aamue nani aingie. Anasaini, anaingia ndani, na wenye nyumba wa miaka mia wanabaki nje kizingitini. Anamkaribisha Stefan. Damon anamsimamisha kidogo kwanza, wakubaliane kwamba mambo yatafanyika kwa njia yake. Yeye ni mwanafunzi wa sekondari, ameshika ufunguo, na wanaume wanangoja. Dada_Jacaranda, hapo pia alikua, uonavyo?

Mwalimu_wa_Katuba

Nasoma kimya tangu asubuhi. Nimefundisha Katuba miaka mingi na nina jambo moja la kuchangia, zito kidogo.

Msimu wa tatu, baba yake Caroline anarudi. Anamfunga binti yake kwenye kiti chini ya ardhi, anamletea damu, na kila akiitamani anamfungulia dirisha jua limchome. Anaita kazi hiyo kumponya. Anafanya kwa sauti ya upole. Caroline analia, "Baba, tafadhali." Mama yake, Liz, ambaye msimu mmoja nyuma alimwogopa mtoto huyohuyo na hakutaka hata kumtazama, ndiye anayeingia na bastola kumtoa.

Niliiangalia nikakosa pumzi. Nimekuwa na wanafunzi wa miaka 12, 14, waliobadilika kidogo tu: mmoja anaongea usingizini, mwingine amekuwa mkaidi baada ya mama kufa na mama wa kambo kuingia. Familia ikasema ni ndoki, yaani wachawi. Wakapelekwa nyumba ya maombi, wakanyimwa chakula siku tatu "mpaka kitoke". Msichana mmoja alirudi darasani na alama za kamba mikononi, na alipoulizwa alisema baba ananipenda, anataka nipone. Maneno yaleyale ya Caroline.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo katika ibara ya 160. Mwaka huohuo wa 2009, mwezi wa tisa, ndipo tamthilia hii ilipoanza kuonyeshwa Marekani. Sidai kwamba kuna uhusiano. Nasema tu kwamba mtoto anapobadilika, na kila mtoto wa umri ule anabadilika, mzazi ana njia mbili, na Caroline alizipata zote mbili katika nyumba moja. Nimewaonyesha wazazi kipande hicho kwenye mkutano wa shule, Kifaransa nikiwageuzia Kiswahili. Baba mmoja alitoka nje katikati. Wiki iliyofuata alikuja kunisalimu, hakusema kitu, alinishika mkono kwa muda mrefu.

Mwana_wa_Dilolo

Mwalimu, asante. Na Tyler naye tumtaje, maana kila mtu anamsahau.

Mimi ni Mlunda. Kwetu wavulana walipelekwa mukanda, kambi ya jando, na huko hakuna mvulana anayeachwa peke yake na maumivu yake. Yuko mkubwa aliyepita njia hiyo, anayemwambia leo itauma hapa, kesho pale. Tyler Lockwood amerithi laana ya mbwamwitu. Baba yake, meya, amekufa bila kumweleza lolote. Mason, baba mdogo wake yule aliyejua, Damon amemuua. Kwa hiyo mwezi mpevu wa kwanza unamkuta kijana hana mkubwa hata mmoja. Ana minyororo na video aliyoiacha Mason, basi.

Na ni Caroline anayeshuka naye chini kwenye pango. Kung'atwa na mbwamwitu kunaua mnyonya damu, yeye anajua, na bado anakaa. Mifupa ya Tyler inavunjika mmoja mmoja, anapiga kelele, anamfukuza, na Caroline anarudi tena na tena hadi dakika ya mwisho kabisa. Sijaona mapenzi makubwa kuliko hayo katika misimu yote minane, na wakati ule hawakuwa hata wapenzi. Alisimama mahali pa baba mdogo. Mimi nilipita hospitali, siku moja, sindano, nyumbani. Hakuna aliyenieleza kitu. Nilipoona epizodi ile nilimpigia simu mjomba wangu aliyebaki Dilolo, tukaongea saa nzima mpaka unite zikaisha.

Dada_Jacaranda, Lubumbashi

Sasa nitoe jibu langu, na mmekwisha kunitangulia: Caroline Forbes.

Mkumbukeni msimu wa kwanza. Anashindana na Elena kwa kila kitu, na analalamika kwamba hata akisema maneno yote yanayofaa, hakuna anayemchagua. Msichana wa namna hiyo wote tunamjua, na baadhi yetu tulikuwa yeye. Hakuomba kubadilika. Alikufa kitandani, miaka 17, bila kuagana na mtu. Na kwa kuwa hazeeki, angeweza kubaki yule mtoto wa kulalamika milele. Badala yake kila msimu anakuwa mtu mpana zaidi.

Nenda msimu wa tatu, epizodi ya 11. Anatimiza miaka 18, na hataki sherehe, maana anafahamu kwamba hatimizi chochote. Amekwama kwenye 17. Rafiki zake Elena, Bonnie na Matt wanafanya nini? Wanampeleka makaburini na keki na kumfanyia mazishi. Wanamzika yule Caroline wa zamani. Wanafanya kilio! Usiku huohuo Tyler, aliyekwisha kutiwa chini ya amri ya Klaus, anamng'ata, naye anabaki kitandani akingoja kufa mara ya pili. Klaus anaingia, yule adui wao wote, na anamwambia kuna ulimwengu mzima nje ya mji huu, miji, sanaa, muziki, na anaweza kuupata akitaka kuishi. Anauliza kama anataka. Caroline anajibu kwamba hataki kufa. Wengi wanapenda kipande hicho kwa sababu ya Klaus. Mimi nampenda yeye, kwa sababu ni mara ya kwanza anajichagua mwenyewe.

Halafu msimu wa sita, mama yake. Liz ana saratani. Caroline ana damu inayoponya majeraha, anamlisha mama, na inakuwa sumu: ugonjwa unakimbia zaidi. Nani kati yetu hajawahi kumpeleka mgonjwa mahali ambapo baadaye alijuta? Sisi tulimhamisha baba kutoka hospitali moja kwenda nyingine usiku, wazo lilikuwa langu, na njiani alichoka sana. Miaka mingi nilibeba jambo hilo peke yangu. Caroline naye anabeba. Anapanga mazishi kwa orodha, maua, nyimbo, viti, kama alivyozoea kupanga kila kitu, na anaimba kanisani hadi mwisho. Kisha anarudi nyumbani anazima utu wake. Mnajua wanyonya damu wana swichi hiyo, wanaweza kuzima huzuni yote, na mapenzi yanazimika nayo.

Elena alizima pia, msimu wa nne, Jeremy alipokufa, akachoma nyumba ya wazazi wake. Lakini Elena aliambiwa azime na Damon, na wakati ule alikuwa hawezi kumkatalia. Caroline alizima kwa mkono wake na ilimbidi awashe kwa mkono wake, akutane na kila alilolifanya. Mwisho wa misimu minane amezika mama, amezika mume, Stefan, muda mfupi baada ya harusi, analea mapacha wasio wa damu yake ambao aliwabeba tumboni kwa uchawi, na amefungua shule ya watoto wenye nguvu za ajabu. Yule ambaye hakuna aliyemchagua ndiye anayewafungulia wengine mlango.

Nuru_ya_Kivu, Goma

Kutoka Goma nawasalimu. Kuhusu hiyo swichi, mniachie nafasi.

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, nilikuwa na miaka 16. Siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji, tukatembea kwenda Sake na magodoro kichwani. Watu waliniona sina machozi, wakasema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu, nilikuwa nimezima. Mtu anazima ili miguu iendelee. Na baada ya hapo mji wetu umepita mengine ambayo sitayaandika hapa. Nilipofika kwenye hizo epizodi za Elena nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba kuna jina la kitu nilichofanya, na kwamba kuwasha tena kunaumiza kuliko kuzima. Naendelea kuwasha, kidogo kidogo.

Ila mmesahau mtu, na nimekasirika kidogo. Bonnie Bennett, yule rafiki yao mchawi! Bibi yake, Grams, anakufa msimu wa kwanza kwa kazi ya kuwafungulia hao ndugu kaburi. Mama yake alimwacha akiwa mdogo, akampata mkubwa, na mama akageuzwa mnyonya damu kwa ajili ya kumlinda Elena. Msimu wa nne anakufa akimrudisha Jeremy, na rafiki zake wanasherehekea kumaliza shule, wanakwenda likizo, hawajui! Jeremy anawaandikia ujumbe kana kwamba ni yeye. Wanakuja kumfanyia kilio msimu wa tano, yeye amesimama hapohapo haonekani, na Jeremy anawafikishia maneno yake. Kisha anampata Enzo, mapenzi yake ya kweli, na Stefan aliyezima utu anampasua kifua. Msichana mweusi wa kundi, mwenye nguvu kuliko wote, na kila mara deni la wengine linalipwa kwa mwili wake. Kwetu pia kuna binti wa namna hiyo katika kila ukoo, yule anayeacha masomo ili wengine wasome. Akiuliza zamu yake ni lini, anaambiwa wewe una nguvu.

Kwa hiyo jibu langu: aliyekua ni Bonnie, na alikua mapema mno, epizodi ya kaburi, na hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari.

Dada_Jacaranda, Lubumbashi

Nuru, nimesoma mara mbili. Sina la kukupinga kuhusu Bonnie. Niliirudia tamthilia nzima nikitafuta kilio cha kila mtu, na chake nilikipita. Nisamehe. Ile siku ya mazishi yake msimu wa tano nitaiangalia tena usiku huu.

Mwana_Kenya, Lubumbashi

Na Stefan kufa mwishoni? Mimi bado sijaikubali. Amengoja miaka 150 awe binadamu, anapata, anaoa, na anaitoa dawa iliyomfanya binadamu, anampa kaka yake, ili yeye Stefan abaki na moto wa kuzimu. Damon anapata mke na uzee, aliyevunja shingo za watu. Mnaoona ni haki, nielezeni polepole.

Mwana_wa_Dilolo

Mkubwa alilipa deni lake alipokuwa akiishi vizuri baada ya hapo, kila siku, akijua nani alimnunulia siku hizo. Kwetu aliyebaki ndiye mwenye mzigo. Lakini nakuelewa, na mimi nililia.

MamaMapacha, Lubumbashi

Wanangu, jana umeme ulikaa hadi saa nne, basi tuliirudia ile epizodi ya 11 ya msimu wa tatu aliyoitaja Dada_Jacaranda, mimi katikati na binti kila upande. Hawakuongea walipofika makaburini na keki. Ilipokwisha, yule anayemtetea Damon alikwenda kulala bila kuaga. Pacha wake alibaki, akaniuliza: mama, wewe ulipokuwa na miaka 17 ulikuwa nani?

Nilimwambia nitamjibu leo. Nimeshusha sanduku la juu ya kabati, naitafuta picha moja ya Kamalondo, nimevaa sare, nimesimama na marehemu dada yangu.